Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husemwa aghalabu kwa mzaha, penye sinia la wali au penye mgawo wa samaki, na aliyechelewa huicheka pamoja na waliomtangulia, kwa kuwa anajua kwamba kesho zamu itakuwa yake. Lakini ikiondolewa kwenye sinia ikapelekwa kwenye mgawo wa maji, wa msitu na wa malisho, methali hiyo hubadilika sura. Huko wengi wa wenye haki ya kula hawakuchelewa, hawajafika kabisa. Baadhi yao wako mbali bondeni, baadhi wako porini na mifugo, na walio wengi zaidi hawajazaliwa. Hapo huzuka swali la kimaadili lisilo jepesi: waliokutana leo wana mamlaka gani ya kukigawa kitu ambacho wasiokuwapo watakihitaji? Na ni nani mwenye ruhusa ya kusimama akasema kwa niaba yao?

Swali hili ni la kila mahali, ila zipo nchi ambazo ardhi yenyewe hulazimisha liulizwe. Karatu, katika mkoa wa Arusha, ni mojawapo. Juu ya mji huo umesimama msitu wa nyanda za juu unaoifunika miteremko ya nje ya Kreta ya Ngorongoro. Msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300 lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1959, lakini kazi yake kubwa huonekana nje ya mpaka wake. Miti yake hunasa mvua na ukungu, maji yakazama katika udongo wa volkano, kisha yakaibuka chini kuwa chemchemi na vijito. Mengine huelekea Ziwa Manyara. Mengine hushuka upande wa Oldeani mpaka bonde la Ziwa Eyasi, ambako chemchemi za Qang'dend hunywesha mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Kitunguu kinachouzwa sokoni Arusha, au kinachovushwa mpaka kuingia Kenya, kimekunywa maji ya msitu ambao mkulima wake huenda hajapata kuukanyaga hata siku moja.

Wanaotegemea maji hayo si watu wa asili moja wala wa kazi moja. Wapo Wairaqw, wakulima na wafugaji wa Karatu na Mbulu. Wapo Wadatoga na ng'ombe wao. Wapo Wahadzabe, ambao riziki yao ya jadi ni asali, mizizi, matunda na mawindo. Wapo wageni waliofuata kitunguu kutoka pembe nyingi za nchi. Na juu, ndani ya hifadhi, wapo Wamaasai. Juu ya hao wote zipo hoteli zilizojengwa kandokando ya barabara ya kwenda langoni, mashamba makubwa ya kahawa ya Oldeani, na kampuni za utalii ambazo magari yake hupita Karatu kila asubuhi. Hawa wote ni majirani kabla hawajataka kuwa majirani. Maji yamekwisha kuwafunga, na ujirani usiochaguliwa hauna talaka.

Hata hivyo, kadiri maji yanavyowafunga ndivyo mipaka inavyowatenga. Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulipoundwa, Mbulu ilikwenda huko na Karatu ikabaki Arusha. Leo bonde la Eyasi limegawanyika baina ya mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Simiyu. Kila mgawanyo ulikuwa na sababu njema: kuusogeza utawala karibu na wananchi, ili mtu asisafiri siku mbili kutafuta saini. Lakini kila mpaka mpya huzaa ofisi mpya, na kila ofisi huwajibika kwa walio ndani ya mpaka wake tu. Diwani wa juu hachaguliwi na mtu wa chini. Anayefungua mfereji hapigiwi kura na yule ambaye mfereji wake umekauka.

Kama vile mipaka inavyoligawa eneo, kalenda huugawa wakati. Bajeti ya halmashauri huishi mwaka mmoja, tangu Julai mosi hadi Juni 30. Udiwani huishi miaka mitano. Hati ya ardhi ya mwekezaji huweza kuishi miaka 33, 66 au hata 99. Kitunguu huishi miezi michache tu, na deni la mbegu na mbolea humkaba mkulima kabla hakijang'olewa. Msitu nao huhesabu kwa karne. Na katika nchi hiyo hiyo, huko Laetoli, zimehifadhika katika majivu ya volkano nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni jambo la kutafakari kwamba mahali penye kumbukumbu ndefu kuliko karibu popote duniani hupangwa kwa bajeti ya miezi kumi na miwili.

Kwa sababu hizo, mipango ya muda mrefu inayoziunganisha halmashauri, wafanyabiashara na jamii hutajwa mara nyingi kama jambo la busara: itapunguza gharama, itazuia migogoro, itavutia wageni. Hayo ni kweli, lakini hayagusi kiini. Mpango wa namna hiyo kwanza kabisa ni ahadi, na ahadi huwa na anayeiweka na anayewekewa. Ugumu wake ni kwamba wanaowekewa wengi wao hawapo mkutanini. Mfugaji amehamia malisho ya kiangazi siku ya mkutano. Mama amekwenda kuteka maji yale yale yanayojadiliwa. Mhadzabe hana desturi ya mikutano ya kukaa vitini kutwa nzima. Na mjukuu wao wote hajazaliwa. Mpango mzuri ni jaribio la kuikanusha methali: kufanya asiyekuwapo, na lake liwepo.

Yupo atakayesema kwamba hilo haliwezekani, na hoja yake si ya kupuuzwa. Haki, atasema, sharti iwe na mwenyewe. Asiyezaliwa hana jina, hana mdomo, wala hana uhakika wa kuzaliwa. Mwanafalsafa wa Kiingereza Derek Parfit, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, aliikaza hoja hii zaidi: uamuzi wa leo hubadilisha hata nani atazaliwa, kwa kuwa hubadilisha nani atahamia wapi, ataoa nani na lini. Bonde likikauka na vijana wakahama, watoto watakaozaliwa ni wengine, si wale ambao wangezaliwa bondeni. Basi je, wanaweza kulalamika kuwa wamedhulumiwa, ilhali bila uamuzi ule wasingekuwapo kabisa?

Watu wa pwani na visiwani wanalo jibu ambalo halikuandikwa kwa ajili ya Parfit, nalo ni wakfu. Anayeiweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu hamjui yatima atakayesomeshwa kwa kodi yake baada ya miaka mia. Hajui jina lake wala ukoo wake, na yatima huyo angeweza kuwa mwingine yeyote. Hata hivyo wajibu upo, ni wa kweli, na hudaiwa mbele ya kadhi. Haki hapa haikushikamana na mtu fulani; imeshikamana na nafasi, na yeyote atakayekuja kuikalia ataikuta. Mali imefungwa, manufaa yameachwa yatiririke, na katikati amewekwa msimamizi. Huyo si mmiliki. Ni mtu anayetoa hesabu, na akikosa uaminifu huondolewa.

Wala si pwani peke yake yenye fikra hiyo. Wamaasai wamezoea kuyatenga malisho wayaitayo alalili, yakaachwa yamee kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu wakati wa ukame. Mwenye ng'ombe wenye nguvu huyapita akiyatazama tu. Miongoni mwa Wairaqw upo utanzu wa dua ya kishairi uitwao slufay, ambao mzee huutoa mbele ya hadhara huku wenzake wakiitikia, akiiombea nchi mvua, amani na uzao. Wasiokuwapo hutajwa humo, na kutajwa ni mwanzo wa kuhesabiwa. Kwa hiyo asemaye kwamba mipango ya vizazi ni fikra ngeni iliyoletwa na wafadhili hajasikiliza dua za wenyeji.

Lakini upo mtego wa pili, nao ni mbaya kuliko ule wa kwanza. Kuwasahau wasiokuwapo ni dhambi moja. Kujificha nyuma yao ni dhambi nyingine. Asiyezaliwa ana sifa moja inayompendeza kila mtawala: hawezi kukana kilichosemwa kwa jina lake. Ni rahisi kumwambia aliyepo aondoke, anyamaze, au apunguze chakula chake, kwa ajili ya vizazi vijavyo, na vizazi hivyo visiweze kusema kwamba havikuagiza.

Historia ya Ngorongoro inaonesha jinsi ahadi ya muda mrefu inavyoweza kuvunjika bila ya kupatikana mtu mmoja wa kushikwa. Mwaka 1959, Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walipotakiwa kuiacha iwe hifadhi ya taifa isiyo na watu, Ngorongoro ilianzishwa iwe ya wanyamapori na wafugaji kwa pamoja. Gavana wa Tanganyika wa wakati huo, Richard Turnbull, aliwahakikishia viongozi wao kwamba pakitokea mgongano baina ya maslahi ya wanyama na ya wakazi, ya wakazi yatatangulizwa. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya Kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika hifadhi. Mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa kiasi. Baadaye kikazuiwa tena. Kila hatua ilikuwa na sababu yake na wataalamu wake. Kilichokosekana ni mahali ambapo aliyewekewa ahadi angekwenda kuidai.

Ni haki kuitaja pia hoja ya upande wa pili. Wakazi wa hifadhi walikuwa yapata 8,000 mwaka 1959, na kwa hesabu za serikali wamepita 100,000. Malisho hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na msitu unaonywesha Karatu hauwezi kuvumilia kila kitu. Serikali ilianza mwaka 2022 kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ikisema kwamba wanahama kwa hiari; wengi wa wakazi na mashirika ya haki za binadamu walisema kwamba hiari haipo pale huduma za afya na elimu zinapopunguzwa. Agosti 2024, baada ya tangazo la serikali kuvifuta vijiji na kata za Ngorongoro, maelfu ya wakazi walitoka barabarani, na Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume mbili, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi na nyingine ya kutathmini zoezi la kuhama.

Jambo la kimaadili katika habari hii halimo katika idadi za watu na ng'ombe peke yake. Limo katika utaratibu. Mtu akiulizwa kabla, akapewa nafasi ya kukataa, akalipwa kwa alichoacha, kisha akahama, amejitolea kwa ajili ya kesho. Mtu yule yule akihamishwa pasipo hayo, kesho imemnyang'anya. Msitu unaweza ukapona vilevile katika hali zote mbili; lakini hali ya kwanza huacha nyuma yake majirani, na ya pili huacha nyuma yake wadai.

Hapo ndipo kipimo kinapopatikana. Anayesema kwa niaba ya wasiokuwapo sharti kwanza akubali kuulizwa na waliopo. Asiyetaka kuulizwa na aliyepo hatawajibika kwa asiyekuwapo, kwa kuwa ameshindwa jaribio lililo jepesi zaidi. Na kipimo cha pili hufuatana na hicho: gharama ya kesho ianze kwa mwenye leo kubwa zaidi. Si uadilifu kumtaka mwenye mbuzi watano awe wa kwanza kujinyima kwa ajili ya karne ijayo, ilhali hoteli inayochota maji ya mteremko ule ule haijaulizwa yake inatumia kiasi gani. Si uadilifu kumlaumu mkulima wa Mang'ola kwa pampu yake bila kumtazama anayempa deni la pembejeo na anayempangia bei ya gunia.

Vipimo hivi si ndoto tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaviruhusu vijiji vinavyotumia rasilimali moja kufanya makubaliano ya pamoja, mradi yapitishwe na mikutano mikuu ya wanakijiji. Kati ya msitu wa Ngorongoro na Hifadhi ya Ziwa Manyara upo ushoroba wa wanyama unaopita Upper Kitete, Karatu, na kushuka Selela, Monduli. Tembo wanaoupita hawana habari kwamba wamevuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa hiyo halmashauri hizo hazina budi kuzungumza, na mkulima ambaye shamba lake liko njiani hana budi kuwa mmoja wa wazungumzaji. Huko Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao, na kwa ushirikiano na kampuni ya Carbon Tanzania jamii hulipwa kwa sababu miti imebaki imesimama. Mpango huo una udhaifu wake: bei ya hewa ukaa huamuliwa mbali sana na mbuyu. Lakini una jambo moja la kujifunza: kujinyima kwa ajili ya kesho hulipwa leo, na anayelipwa ni yule yule aliyejinyima.

Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, inayozigusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Wilaya tatu zimepewa jina moja. Si jambo dogo, kwa kuwa kitu kisicho na jina hakipangiki. Hata hivyo jina si baraza. Wales, nchi ndogo iliyo sehemu ya Uingereza, ilitunga mwaka 2015 sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo, ikazitaka halmashauri na taasisi nyingine za umma zipange pamoja, ikamweka na Kamishna wa kuuliza kwa niaba ya wasiozaliwa. Kamishna huyo hana uwezo wa kuamuru. Ana uwezo wa kuuliza hadharani na kudai jibu. Kwa lugha ya visiwani, Wales imejitafutia msimamizi wa wakfu.

Bonde la Eyasi linastahili naye. Haitoshi kuwa na bodi ya maji iliyo Singida, mamlaka ya hifadhi yenye majukumu yake, na halmashauri zenye bajeti zao, kila mmoja mwaminifu ndani ya uzio wake. Panahitajika meza moja ambayo mtu wa mwisho wa mfereji anaijua ilipo na lini inakaa; ambayo hoteli, mwenye shamba la kahawa na mwenye ng'ombe huleta hesabu ya maji yao kwa kipimo kimoja; ambayo haikai majira ambapo wafugaji wako mbali; na ambayo maamuzi yake husomwa upya kila baada ya miaka michache mbele ya vijana ambao hawakuwapo yalipopitishwa. Hili la mwisho ndilo muhimu kupita yote. Kizazi kilichofungwa na saini za wazee kina haki ya kusomewa saini hizo na kuuliza sababu zake. Ahadi isiyosomwa tena hugeuka kuwa amri.

Atatokea wa kusema kwamba haya yatachelewesha mambo, na kwamba ukame haungoji mikutano. Ni kweli, mkutano huchelewesha. Lakini miaka zaidi ya sitini tangu 1959 imetumika katika kutangaza, kupinga, kufuta na kutangaza tena, na hakuna ucheleweshaji uliopita huo. Kilichoamuliwa upesi bila wenyewe kimeamuliwa mara nyingi.

Usiku, katika mashamba ya Mang'ola, zamu ya maji humfikia hata aliye mwisho wa mfereji, iwapo waliomtangulia wamefunga milango yao kwa saa waliyopatana. Hakuna askari anayewasimamia wote gizani. Yapo makubaliano, na yapo macho ya majirani. Anayefunga mlango wake kwa wakati hamwoni anayengoja kule chini, wala hana haja ya kumwona. Anajua tu kwamba yupo. Mpango wa miaka hamsini hauhitaji maadili mengine kuliko hayo. Unahitaji tu mfereji urefushwe, upite mpaka wa wilaya, upite mwisho wa udiwani, umfikie mtu ambaye bado hajaja kushika jembe.